Jukwaa Lililoishia Behewa la Pili

Nilirudi nchini katikati ya miaka ya tisini nikiwa na diploma ya umeme kutoka Ulaya. Hakuna aliyenilipia. Nilisugua sufuria za hoteli miaka minne ili niipate. Wengi wa mtaa wetu wa Donholm walikwenda huko wakarudi na makoti tu.

Wiki ya tatu, chuo cha ufundi kilichokuwa kando ya reli kiliniita kwa mahojiano, saa mbili asubuhi. Walitaka mwalimu mmoja wa umeme. Wenzangu walioitwa walikuwa na vyeti vya hapa hapa. Niliona kazi ni yangu, kilichobaki ni kufika.

Chuo kilikuwa na kituo chake kidogo kwenye njia ya treni ya abiria, ile ya asubuhi itokayo Embakasi kwenda mjini. Nikingoja Donholm, binti wa jirani yetu, mwanafunzi wa chuo hicho, aliniita.

"Kaka, njoo huku mbele. Huko nyuma hutashuka."

"Kwani milango ya nyuma hufungwa?"

"Jukwaa letu ni fupi. Linaishia behewa la pili."

"Dada yangu, mimi nimepanda treni miaka minne. Za umeme."

"Hizo ni zao, buda. Hii ni yetu." Akacheka, akajipenyeza kati ya wenzake.

Mabehewa ya mbele yalijaa hadi milangoni. La mwisho lilikuwa na viti vitupu. Nilikaa dirishani, suti yangu ya kijivu bila kunjo, nikawahurumia watu waliozoea kubanana wakati nafasi ipo. Nilikotoka, kituo hujengwa kwa urefu wa treni. Sikuwaza kwamba mtu anaweza kukijenga vingine.

Treni iliposimama nilifungua mlango. Chini palikuwa mbali, kokoto tupu, halafu mtaro wa maji meusi ya viwandani. Kule mbele wanafunzi walikuwa wakishuka kwenye saruji kama watu. Vibarua niliopanda nao waliruka mmoja mmoja, wakavuka mtaro.

"Ruka, mkubwa," mmoja akaniambia kutoka chini. "Leta hiyo bahasha nikushikie."

Ndani ya bahasha kulikuwa na diploma yangu. Singempa mtu nisiyemjua. Wala singeingia kwa mkuu wa chuo na matope magotini. Nikasimama pale mlangoni nikiwaza, treni ikaondoka nami.

Nilishuka Makadara, nikarudi kwa miguu juu ya mataruma ya reli. Nilipofika, saa tatu ilikuwa imepita. Mkuu wa chuo alikuwa akifunga ofisi. Nilimweleza habari ya jukwaa, nikamwambia wazi kwamba kituo cha namna ile ni aibu kwa chuo.

"Wanafunzi wangu wote hushuka pale," akasema. "Mwalimu tumeshampata, bwana."

Bahasha hakuifungua. Baadaye nilisikia aliyechukuliwa alikuwa na cheti tu. Leo nina karakana yangu ya kutengeneza mota na sijaomba kazi kwa mtu tena, lakini jambo hilo bado linanikereketa. Sikushindwa na mtu aliyesoma kuliko mimi. Nilishindwa na saruji ambayo mtu fulani aliamua isipite behewa la pili, na watu wote wakajifunza kukaa mbele badala ya kuuliza kwa nini.

Nyumbani, mama alikuwa amechinja kuku na kuwaita akina mama wa kanisani, watu wa kwetu magharibi, waje kunipongeza. Walianza kuimba nikiwa bado mlangoni. Niliwaambia kwamba mshahara wa chuo kile haumfai mtu wa kiwango changu, nimeukataa.

"Umefanya vyema, mwanangu," mmoja wao akasema. "Usijishushe."

Wakaomba, tukakaa kula. Mama akaniwekea firigisi kwenye sahani, ambayo kwetu hupewa mwanamume wa heshima nyumbani. Niliila yote mbele yao. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila alipowasimulia wageni jinsi mwanawe alivyokataa kazi ya chuo, nilinyamaza.