Kibuyu Kilichotoka Manundu Kikiwa na Joto

Niliwahi kutoka Handeni mpaka Korogwe kwa ajili ya ng'ombe. Shule sikukaa, lakini ng'ombe nilikuwa naye, nimemnunua kwa mikono yangu iliyokata mkonge. Tukahamia naye kijiji cha ujamaa. Siku moja akavamia ghala, akala mahindi mpaka akavimba. Bwana mifugo akampa dawa, uvimbe ukashuka, ila kucheua akaacha kabisa. Jirani yangu Mhando akaja na kisu.

"Mchinje leo, ndugu. Akifa mwenyewe ni kibudu, hata nyama tutaikosa."

Mama wa Kimaasai aliyepita akiuza mizizi akamwekea ng'ombe sikio ubavuni.

"Tumbo la ng'ombe lina uhai ndani. Wa huyu umeuawa na dawa. Mnyweshe maji ya tumboni mwa ng'ombe mzima, yangali na joto. Ng'ombe wangu wako mbali. Nenda machinjioni Korogwe."

Kijijini kwetu hapakuwa na ng'ombe mwingine, mbung'o waliwamaliza. Nikamwambia Mhando, "Nisubiri mpaka kesho jioni. Nisiporudi, chinja."

Alfajiri nilikuwa machinjioni Manundu, pale Korogwe, na kibuyu changu. Mchinjaji akacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Wenzako huomba maini, wewe waomba mavi?"

"Jaza, kaka."

Nikakifunga tumboni, ndani ya koti, nikapanda lori. Watu wakaziba pua. Karibu na Sindeni tukakwama kwenye tope. Enzi zile lori likikwama hapakuwa na abiria, wote tulishuka kusukuma. Mama mmoja akaniuliza nakumbatia nini. Nikamweleza.

"Lete," akasema, akakiingiza ndani ya khanga. "Wewe sukuma, mimi nitaatamia."

Jina lake sikumwuliza. Mpaka leo najuta.

Magharibi nikafika. Ng'ombe kalazwa, miguu imefungwa, kaelekezwa kibla.

"Umechelewa," Mhando akasema.

"Mfungue!"

Tukamnywesha kwa chupa. Kesho yake mchana, taya likaanza kwenda: kushoto, kulia. Mhando akafuta kisu ambacho hakikuchinja kitu. "Haya, tutakula ugali kwa mlenda."

Juzi mjukuu wangu, nesi, kaniambia hospitali za nje mtu aliyeharibiwa tumbo na dawa hutiwa mavi ya mtu mwenye afya, akapona. Alidhani nitatema mate.

Nilimwuliza jambo moja tu: "Njiani huwa anayaatamia nani?"