Mama Aliyeogopa Kwamba Alibatizwa Bure

Nilifunga safari ya Ileje kwa sababu ya simu ya mama. Hakuniambia anaumwa wala hakuuliza habari za wajukuu. Aliniuliza tu, "Tusekile, nilibatizwa bure?" kisha nikawa nasikia anavyohema. Mdogo wangu Lugano, anayeishi naye kule milimani Undali, alikuwa amehamia kanisa linalobatiza kwa jina la Yesu peke yake. Akamwambia mama kwamba ule ubatizo wa usichana wake, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, haukuwa kitu. Tangu siku hiyo mama hakukaribia tena Meza ya Bwana. Ni mzee sasa, miguu imemvimba, na aliogopa kufa akiwa mgeni kwa Mungu aliyemwomba maisha yake yote. Mimi siku za kazi natengeneza hati za mizigo hapa mpakani Tunduma, na Jumamosi nafundisha kipaimara. Nisipomjibu mimi, nani atamjibu?

Alhamisi asubuhi, Tunduma. Malori ya kwenda Zambia yalikuwa yameziba barabara kama kawaida yake. Jirani yangu Shabani, mtu wa Tanga aliyelowea hapa kwa biashara ya usafirishaji, alikuwa anapeleka saruji Itumba, kule kule Ileje, akanipa nafasi mbele kwenye Fuso lake. Hata mji wa Mpemba hatujafika, ameshaanza uchokozi.

"Mwalimu, hebu nisaidie. Mungu wenu ni wangapi?"

"Mmoja."

"Hapo tuko pamoja. Na wale watatu?"

"Ndio huyo mmoja."

Alicheka mpaka akapunguza mwendo. "Mimi nikikuletea hesabu hiyo kwenye hati za mizigo, si utanifukuza?"

Nilicheka naye, maana Shabani hana ubaya. Lakini swali lake ndilo lile lile la mama, na mama hatanicheka. Shabani akaniona nimekuwa mpole ghafla. Akaniomba radhi, akasema ni utani wa jirani tu, na kwamba mama akimwona mwanawe atapona nusu kabla sijafungua mdomo.

Baada ya Mpemba tuliiacha barabara ya Mbeya, tukashika ya Isongole. Nimepita njia hii tangu nikiwa mdogo na bado hunishika moyo. Milima inasimama mmoja nyuma ya mwingine, mawingu yamelala bondeni chini ya magurudumu yako, na ng'ambo ya Mto Songwe unaiona Malawi imetulia kwenye ukungu. Mbele ya ukubwa ule nilijiona mtu mdogo mno aliyetumwa kumweleza Mungu. Niliogopa kweli.

Itumba niliagana na Shabani, nikapanda bodaboda hadi nyumbani. Nilimkuta mama ameketi mlangoni, kitenge mabegani. Alinishika mikono yote miwili, hakuiachia.

"Umekuja na jibu?"

"Nimekuja, mama. Tule kwanza."

Nyumbani kwetu hakuna anayegusa chakula mpaka mama aombe na wote waitikie amina. Jioni ile nikaona jambo lililoniuma. Lugano alisimama nje, karibu na kihenge cha mahindi, akisubiri sala iishe. Hawezi kuitikia amina kwenye sala yenye majina matatu. Ilipokwisha akaingia, akanawa, akala nasi kwa adabu zote. Mama alikuwa anamtazama mwanawe wa mwisho akila, yeye mwenyewe hali.

Ijumaa mchana nilijaribu kujibu. Mtu hutoa mfano kwenye kazi yake, nami nikatoa wa mpakani. Nikasema, "Mama, pale kwetu kuna meza ya uhamiaji, ya forodha na ya afya. Meza tatu, lakini serikali ni moja na geti ni moja." Nilijiona nimepatia.

Mama alikunja uso. "Kwa hiyo mmoja anaweza kunipitisha, na mwingine akanirudisha."

Alisema kweli. Pale Tunduma ndivyo ilivyo kila siku. Nimewaona watu wamepita meza mbili wakalia kwenye ya tatu. Ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinamla mama. Wala hakuwa na shida ya hesabu. Miaka yote alikuwa akimkimbilia Yesu kwa sababu ni mpole, huku akimwogopa Baba, asije akakataa alichokubali Mwana. Maneno ya Lugano yalikuta kidonda tayari.

"Mfano wangu ni mbovu, mama, nausahau," nikamwambia. "Kwa Mungu hakuna meza ya pili ya kukurudisha. Upole unaouona kwa Mwana ndio moyo wa Baba wenyewe. Na Roho ndiye Mungu huyo huyo, ndani yako, anakusaidia kuita hata ukichoka. Hawajawahi kutofautiana juu yako."

 Lugano alikuwa kizingitini, amesikia yote. "Dada, Mungu ni mmoja," alisema taratibu.

"Sijakataa, Lugano. Ila Yesu alipoomba, hakuwa anajisemesha peke yake. Kabla ya milima hii kuwapo, ndani ya huyo mmoja tayari kulikuwa na kupendana."

Jioni hiyo chakula kiliandaliwa, Lugano akatoka kwenda kihengeni kwake. Mama akainamisha kichwa. "Tata," alisema, yaani Baba, halafu maneno yakakatika. Akajaribu tena, "Tata," akaanza kulia. Nilimwekea mkono mgongoni. Lugano akasikia sala imekatika. Aliingia mbio, akapiga magoti, akamkumbatia. "Bwana Yesu, mshike mama. Mshike tu."

Mama akamshika kichwa. "Ulipougua surua nilimwita Tata usiku kucha. Nani alikuponya?"

"Mungu, mama."

"Ndiye huyu unayemwita sasa?"

Lugano alifuta chozi. "Ndiye."

"Sasa nikabatizwe tena kwa yupi?"

Hakubishana. Alisema, "Amina," mama naye akaitikia.  Mmoja aliita Baba, mwingine akaita Mwana, na kilio kile ambacho hakikuwa na maneno sikuweza kusema kimetoka kwa mama peke yake, bila Roho. Nilikuwa nimekaa kando ya sahani ya maharage, nikatamani kuvua viatu kama Musa mbele ya kichaka kilichowaka.

Jumapili, miguu ya mama haikuweza kupanda kilima cha kanisa. Lugano akambeba mgongoni mpaka mlangoni. Yeye hakuingia, bado hatukubaliani, na sitasema uongo. Lakini alimshusha polepole, akamweka sawa kitenge, akaniambia, "Mshike vizuri, dada." Mama alitembea hadi Mezani akiwa amenishika mkono. Alipokea mkate, akapokea kikombe, akasimama pale zaidi ya desturi. Mchungaji alimsubiri.

Jumatatu nilipanda basi dogo la kurudi Tunduma. Mama aliniaga mlangoni.

"Waambie watoto wako wa kipaimara," alisema, "kwa Mungu hakuna mmoja mpole na mwingine mkali. Nimechelewa kujua. Wao wasichelewe."

Jumamosi iliyofuata niliwaambia. Miaka yote nilifundisha Utatu kama hesabu ngumu ambayo mwanafunzi akiikariri anafaulu. Safari hii nilipofika kwenye yale majina matatu sauti ilinitetemeka mbele ya darasa zima, nami sikujikohoza kuificha. Nilimwona mama yangu ndani ya majina yale, haogopi hata moja.