Uwele Uliochelewa

Mwaka ule tulitanguliza pamba. Kwa sisi wa Sapiwi ni kosa rahisi kufanya: mvua ya kwanza unaipa pamba, uwele unaufikia baadaye ukiwa umeshachoka. Ngoja nieleze ubaya wake. Uwele wako ukikomaa pamoja na wa majirani, kweleakwelea hutawanyika mashamba yote, na kila mtu anapoteza kidogo. Wako ukichelewa peke yake, ndege wote wanakuwa wageni wako.

Basi nikawa mfungwa wa dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba. Mume wangu alikuwa amepeleka ng'ombe upande wa Mwanhuzi kutafuta malisho. Kutwa nzima nilivuta kamba zenye makopo na kupiga kelele. Nikishuka kunywa maji tu, wanatua.

Ndipo binti yangu akajifungua huko Somanda, mtoto wake wa kwanza. Alinipigia simu akilia: maziwa hayatoki vizuri, na anamtaka mayu, mama yake. Kwetu mzazi hupewa uji wa uwele, mwepesi, wa moto, na wa kuupika ni mama. Uji wenyewe ulikuwa bado umesimama shambani, na mlinzi wake ni mimi. Ningeondoka, ningefika kwake mikono mitupu.

Nilimwambia afuate alivyoelekezwa na nesi, amnyonyeshe mtoto mara kwa mara, asiogope. Uji humpa mama nguvu. Kunyonya ndiko kunakoyaita maziwa.

Kando ya kichuguu uwele hukomaa mapema. Niling'ata punje: ikitoa maji meupe, bado, ikivunjika kwa mlio, tayari. Masuke yaliyokuwa tayari niliyakata, nikayaanika palepale juu ya dungu. Yalipokauka nikatwanga jioni, ndege wakiwa wamekwenda kulala. Unga nikampa mtu wa bodaboda. Mimi nikabaki.

Binti alipiga tena. Uji ameunywa, ila mtoto hatulii. Nilikuwa nakisikia kilio chake kwenye simu, mara kundi likashuka upande wa kichuguu. Nikasahau simu, nikapiga ukelele wangu wa kila siku. Nilipoirudisha sikioni, kimya. Nikaomba radhi.

"Usiombe radhi, mayu," alisema polepole. "Ameshtuka, akanyamaza. Sasa ananyonya. Piga tena ukelele."

Ndege walikuwa wanarudi. Nikavuta kamba, nikapiga tena.