Tanbihi Iliyomtoa Mama Fazila Buzebazeba

Jamani, mimi ndiye niliyemchoma Mama Fazila kwa wakubwa! Si Mama Zubeda muuza dagaa, ambaye mtaa mzima wa Buzebazeba ulimnunia mpaka akaacha kupita kwetu. Ni mimi, msomi, na nilimchoma kwa maandishi yaliyopigwa chapa, jina lake limeandikwa sawasawa bila kukosea hata herufi.

Ngoja nikueleze vizuri, maana nimekaa nalo mpaka limenichosha.

Nilikuwa nasoma sheria chuo kikuu, miaka ile watu wanavuka ziwa kuja kwetu kila vita ikilipuka ng'ambo. Wanafunzi wa sheria tulikuwa na jarida letu. Tunaliandika wenyewe, tunalihariri wenyewe, na kusema kweli tunalisoma wenyewe. Tena si lote! Kila mtu alifungua ukurasa wenye jina lake, akaridhika, akalifunga.

Lakini vyeo sasa! Kwenye kamati ya wahariri hakukuwa na mtu asiye na cheo. Tulikutana kwenye darasa lenye feni bovu, wengine na suti za kuazima, tukiitana "msomi mwenzangu", na tukigombania koma kana kwamba kuna mtu anasubiri kunyongwa.

Kwa kuwa natoka Kigoma, nikafanywa mtaalamu wa wakimbizi. Wenzangu wa Dar waliamini sisi wa kule hatuna habari nyingine, na mimi sikuwasahihisha. Nikajitwisha makala ya kudai kwamba mkimbizi aachwe aishi anapotaka, asifungiwe kambini. Makala ya kishujaa! Ilikosa kitu kimoja tu: mkimbizi mwenyewe.

Na mkimbizi nilikuwa naye, nyumba ya pili kutoka kwetu. Mama Fazila alivuka kutoka upande wa Uvira na binti yake Fazila. Badala ya kwenda kambini kama sheria ilivyotaka, akafikia kwa shemeji zake, kisha akapanga chumba mtaani kwetu na kuweka cherehani barazani. Mtaa mzima ulijua. Balozi wa nyumba kumi alijua, imamu alijua, hata askari aliyemletea kaptula za wanawe azitie viraka alijua. Hakuna aliyesema. Kwetu mtu haulizwi ametoka wapi, kwa sababu mkianza kuulizana hivyo, nusu ya Ujiji itabidi imkumbuke babu aliyevuka ziwa. Unamwamkia mtu, unampa nguo akushonee, basi.

Hiyo nayo ilikuwa sheria, ingawa haikuandikwa popote. Mimi niliyekwenda kusomea sheria nikawa wa kwanza kuivunja.

Likizo moja nilimpelekea kitambaa cheusi anishonee suti ya kuvaa kwenye mahakama yetu ya mazoezi. Akiwa ananipima kiuno, nikaanza kumdodosa. Akanisimulia yote huku ana pini mdomoni: walivyovuka, na alivyojificha siku malori yalipokuja kukusanya watu wasio na vibali.

"Lakini bikae hapa hapa, mutoto yangu," akaniambia.

"Hapa hapa, Mama," nikamwahidi. Suti ilinikaa utadhani nimezaliwa nayo.

Nikaandika. Rasimu ikarudi kutoka kwa mhariri mkuu, na pembeni ya kila aya ameandika kwa wino mwekundu: "Chanzo?" Huyu bwana hakuamini hata kwamba jua limechomoza mpaka aone tanbihi, yale maandishi madogo ya chini ya ukurasa yanayosema jambo umelitoa wapi. Nikamwambia chanzo ni mtu ninayemfahamu. Akavua miwani.

"Msomi mwenzangu, bila jina haya ni maneno ya kijiweni."

Ya kijiweni! Mimi!

Ningeweza kuandika "jina limehifadhiwa", yakaisha. Lakini niliona hayo ni maneno ya kigazeti, na mimi nilitaka tanbihi nene ya kuwatisha wenzangu. Nikaweka jina lake kamili, kazi yake, mtaa wake, na kwamba anaishi nje ya kambi bila kibali. Mhariri mkuu akanipa mkono. Makala yangu ikatangulia zote.

Mambo yangeweza kuishia hapo. Nani alilisoma jarida lile zaidi ya mende wa maktaba? Lakini kimbelembele changu! Nikarudi nyumbani na nakala kwenye mkoba, nikavaa suti ya Mama Fazila, nikaenda hadi ofisi ya serikali iliyoshughulikia wakimbizi. Kulikuwa na ofisa mmoja mstaarabu, aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, na nilitaka anipokee kwa mafunzo ya kazi. Nikamwamkia, nikamkabidhi nakala kwa mikono miwili.

Akaifungua. Hakuanzia juu kama watu wengine. Macho yakashuka moja kwa moja kwenye maandishi madogo.

"Umefanya utafiti hasa," akasema. "Huyu mama bado yupo?"

"Yupo sana, mzee!"

"Buzebazeba ni kubwa, binti."

Na mimi nikamwelekeza! Nyuma ya msikiti, baraza yenye cherehani, mlango wa bluu. Nilikuwa nadhani anataka kumsaidia. Hapana, nisidanganye tena. Sikuwa nadhani chochote, nilikuwa nafurahia kusikilizwa.

Siku chache baadaye gari likaja asubuhi, watu wanapiga mswaki. Mama Fazila alitoka na kanga zake na mkasi, akaambiwa mkasi auache. Fazila alikuwa analia kwa sauti. Nikaja mbio na kuanza kuwatajia vifungu na mikataba ya kimataifa, kwa Kiingereza, pale uani, miguu mitupu.

"Dada, sogea," askari akaniambia. "Unaziba njia."

Ofisa alikuwa amesimama kando ya gari, jarida letu mkononi, limekunjwa kwenye ukurasa wangu. Hatimaye tulikuwa tumepata msomaji!

Mtaa ukaanza kuulizana nani kasema. Mama Zubeda aliwahi kukorofishana na Mama Fazila kwa gauni lililobana, basi kesi ikaisha. Mama yangu mwenyewe akaacha kununua dagaa wake. "Roho mbaya ile," alisema, nami nikaendelea kumega ugali. Mwanasheria mtarajiwa, na sikufungua mdomo kumtetea mtu ambaye nilijua hana kosa. Nilijichukia, lakini sikufungua.

Nilipopata kibali cha kuingia kambini walikopelekwa, nikavaa tena ile suti ili pale getini wanione mtu. Nikamkuta chini ya turubai, anashona kwa mkono. Njia nzima nilikuwa nimejipanga namna ya kumwambia. Akaniwahi.

"Ni weye, najua. Bamenisomeya ile karatasi yako ya Kizungu, bakanifasiriya. Bakaniuliza, haya maneno ni yako? Nikasema ni yangu."

"Mama, kwa nini hukukataa? Ungekataa wasingekuwa na ushahidi!"

Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyefungiwa. "Ningekataa, bangesema weye ni muongo. Sasa masomo yako ingekuwa ya nini?"

Kisha akashika pindo la koti langu, akalivuta kidogo. "Imeanza kukubana. Siku ingine uniletee, nitaiachia."

Sikumpelekea. Kabla sijapata kibali kingine waliwarudisha ng'ambo kwa meli, yeye na Fazila, na mpaka leo sijui wako wapi. Makala ya kudai mkimbizi aishi anapotaka ikapata tuzo ya chuo. Niliipokea nikiwa nimevaa suti hiyo hiyo, na nilipiga picha nikicheka!

Wewe unayehariri majarida huko vyuoni, kabla hujaandika "Chanzo?" jiulize hicho chanzo kinalala wapi. Na wewe unayeandika, usitafute sifa kwa jina la mtu aliyekuaminia maisha yake. Yuko msomaji anayeanzia chini.

Nimemwomba mhariri wa ukurasa huu asitaje jina langu, maana mama yangu yu hai na mtaani naitwa wakili. Amekubali palepale. Majina yote humu nimeyabadilisha, hata Buzebazeba si mtaa wetu. Umeona nilivyojifunza? Mimi niliyekosa nimehifadhiwa vizuri kabisa, na Mama Zubeda, ambaye hata hilo si jina lake, bado anapita mbali na nyumba zetu na beseni lake la dagaa.