Udongo wa Mama Neema

Iko siku moja ambayo haijanitoka, mwanangu, na kila nikiitazama diploma yangu hapa ukutani inanirudia. Diploma hiyo ina fremu ya mbao na kioo, na mgeni yeyote anayefika kwangu hapa Rumonge huonyeshwa kabla hajaketi. Usinicheke. Nilikwenda Amerika na mfuko mmoja wa plastiki wenye karatasi za kambi ya wakimbizi, nikarudi na elimu ya afya ya jamii na kujenga nyumba ya vigae. Katika wenzangu wa kambi ile, nitajie mwingine. Basi, mtu aliyefika nilikofika mimi ana haki ya kukuambia wewe, unayemtafsiria mama yako kwa daktari, mahali alipoteleza.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane, naishi mtaa wa Beechmont, mjini Louisville. Siku tano za wiki nilipanga maboksi ghalani kule South End; siku ya sita nilikuwa mkalimani wa watafiti. Watafiti hao walifuatilia watoto tangu wakiwa tumboni: mama alikula nini, alilala wapi, nyumba ina moshi au haina, kuna ugomvi au amani. Kila mwaka walirudi kwa watoto walewale, wakawapima, wakauliza tena, wakitaka kujua jinsi mambo ya mwanzo yanavyomjenga mtoto hata atakapokuwa mtu mzima. Ni kazi ya subira. Mimi nilikuwa mkalimani wao bora, na wenyewe walisema.

Jumamosi ile tulikwenda kwa Mama Neema, Mkongo wa Kivu aliyekaa mtaa wa pili kutoka kwangu. Neema alikuwa na miezi mitatu, amelala mapajani kwa mama yake. Muuguzi wa utafiti, mama mmoja mzungu mpole, akauliza kama wakati wa mimba alikula kitu chochote ambacho si chakula. Nikatafsiri. Mama Neema akacheka.

"Udongo! Bon, kila siku nilikuwa nakula. Ile nyeupe ya ku duka. Weye hujue wamama?"

Nawajua. Na wewe unawajua. Ule udongo mkavu unaouzwa kwa mafungu, wenye harufu ya mvua ya kwanza. Wajawazito wetu wanautamani kuliko nyama. Lakini nilimtazama yule muuguzi na kalamu yake, nikaona haya. Nilimwazia akienda kuwasimulia wenzake kwamba watu wangu wanakula ardhi. Halafu sisi wa kambini tulikuwa na mazoea yetu. Miaka mingi tulikalishwa mbele ya meza za maofisa, tukafundishana kwamba jibu zuri ni lile lisilozaa swali jingine. Nikageuka, nikasema kwa Kiingereza changu safi: "Anasema hapana. Hakula kitu."

Muuguzi akatia alama. Mama Neema akanitabasamia, akiamini maneno yake yamefika.

Miezi michache baadaye nikaenda Columbus kusomea diploma, nikikaa kwa shangazi yangu Yustina. Mama Neema naye akahamia Buffalo kwa dada yake. Darasani ndiko nilikofundishwa kwamba udongo mwingine wa kula una madini ya risasi, kwamba sumu hiyo humpitia mama ikamfikia mtoto, na inaweza kumchelewesha kusema na kujifunza. Nikamkumbuka Neema. Nikajiambia si udongo wote wenye sumu. Nikanyamaza. Mwanangu, nilinyamaza miaka miwili, na nilikuwa wa kwanza darasani.

Siku ya kuhitimu, shangazi alijaza nyumba watu. Simu ikalia. Alikuwa Mama Neema, amesikia habari.

"Docteur wetu!"

"Si daktari, mama, ni diploma."

"Ni ile ile! Utakuya lini uniangalilie mutoto? Neema iko na miaka mbili na nusu, hasemi hata 'mama'."

Nikaingia jikoni nikiwa bado na joho. Shangazi alikuwa anageuza chapati.

"Una nini? Umemeza pilipili?"

Nikamweleza yote. Akazima jiko.

"Unajua mama yako alikula nini ulipokuwa tumboni? Alikwangua ukuta wetu wa udongo kwa kijiko, mpaka baba yako akatega mtego akidhani ni panya. Alikuwa na miaka kumi na tisa, ana njaa, ana hamu. Mimi ndiye niliyemletea kijiko. Ungeulizwa habari zake, ungesema hapana?"

Nikashika pindo la joho langu, yeye akaendelea.

"Yule mama alikupa maneno yake uyabebe. Ukayatupa njiani kwa sababu hayakukupendeza wewe. Vua joho hilo, utalitia mafuta. Kesho uende. Si kwa simu. Uende na uso wako."

Nilitoka alfajiri, nikaendesha saa tano mpaka upande wa Mashariki wa Buffalo, kwenye nyumba ya mbao iliyochakaa. Mama Neema akanipokea kwa vigelegele. Jikoni, Neema alikuwa amekaa chini, kimya, midomo yake myeupe. Mkononi alishika kipande cha udongo.

"Anaupenda sawa mimi," mama yake akasema kwa furaha.

Nikapiga magoti, nikakitoa kile kipande kwenye vidole vyake polepole. Hakulia. Alinitazama tu. Kisha nikamwambia mama yake kila kitu.

"Donc siku ile hukusema?"

"Sikusema."

"Juu ya nini?"

"Niliona haya."

"Haya yangu ao yako?"

"Yangu, mama."

Akajifunika uso kwa kitenge. Alipofunua, akaukusanya udongo wote akautupa, akamnawisha mtoto mdomo na mikono, akanipa simu. "Pigia ule muuguzi. Na sasa useme yote yenye nitasema."

Nikayasema yote, neno kwa neno. Muuguzi hakutugombeza, alisema mtoto apelekwe kwa daktari siku ileile. Damu ilipopimwa, risasi ilikuwemo. Daktari aliulizia pia rangi ya zamani iliyokuwa ikibanduka kutani, kwani nayo huwa na risasi. Hakuna aliyeweza kuniambia ni kiasi gani kilitoka kwenye udongo na kiasi gani nyumbani, wala kama jibu langu lingebadili jambo. Swali hilo ninalo mpaka leo.

Walihamia nyumba nyingine. Mwalimu wa kusema akawa anakuja kila wiki. Baada ya miezi saba, Mama Neema akanipigia nikiwa kazini ghalani kule Columbus, akamwekea mtoto simu mdomoni. Neema akasema, "Maji." Mimi, mtu mzima, nikaenda kujificha nyuma ya maboksi.

Leo Neema ana miaka kumi na saba. Kusoma bado kunampa taabu, lakini kusema! Watafiti bado wanamtembelea, na yeye ndiye anayemtafsiria mama yake. Juzi alinipigia: "Mjomba, daktari aliuliza mama anakula nini. Mama akasema chumvi mingi na soda. Nikasema hivyo hivyo. Mama amenuna mpaka leo."

Nilicheka, kisha nikaitazama diploma yangu kwa muda mrefu.

Basi mwanangu, wewe unayekaa kati ya mama yako na daktari, yafikishe maneno yake kama alivyoyatoa. Usiyasafishe. Njaa yake, udongo wake, machozi yake ya wakati wa mimba si uchafu wa kuficha. Huko ndiko mtoto alikoanzia, na anayetaka kumtibu lazima apajue. Na kama umekwisha kuficha jambo, usingoje miaka miwili kama mimi. Washa gari uende.

Mungu akupe ulimi usioona haya kwa ajili ya mama yako, na wanao wasikose maneno vinywani mwao.