Kichujio Kati ya Mashine Mbili

Asubuhi ile nilisimama kwenye treni kutoka Harrow mpaka katikati ya London ingawa viti vilikuwa vitupu. Mkataba wangu wa maabara ulikuwa ukingoni, na bosi alishasema waziwazi: chembe zikitoka ndogo kama tulivyoahidi, kazi inaendelea na mimi naendelea, zisipotoka, basi.

Chembe zenyewe ni vitone vya mafuta vya kubebea dawa ndani ya damu, vinaelea majini, vidogo hata hadubini ya kawaida haivioni. Tulikuwa na mashine mbili za kuvipima. Moja huvimulika vyote pamoja na kusoma mwanga unavyochezacheza. Nyingine ina kamera, hufuata kila kimoja kinavyotangatanga. Kidogo hukimbia, kikubwa hujikokota, ndiyo siri yote. Sasa ya kamera ilisema vidogo, safi kabisa. Ya mwanga ilisema vikubwa karibu mara mbili. Nilizichukia zote.

"Dada, wacha kujipa stress," alisema mwenzangu wa Mombasa, niliyegawana naye meza. "Hiyo ya light, vumbi kidogo tu yachanganyikiwa. Twende na ya camera. Sample yake nimeifilter mwenyewe."

"Umeichuja?"

"Si ndiyo kawaida, kutoa vumbi?"

Kweli ndiyo kawaida yetu, lakini hapo ndipo nilipoliona tatizo. Kichujio hakijui vumbi wala dawa. Kikubwa chochote hukizuia. Na ile ya mwanga tuliipa sampuli isiyochujwa.

Ningeweza kunyamaza, na wallahi nilitamani. Badala yake nikaipa kamera sampuli isiyochujwa. Vitone vilirukaruka kama kawaida. Kisha yakapita madonge ya vitone vilivyogandana, machache, mazito, yakijikokota. Nikapima na maji matupu tuliyozimulia sampuli, nikiomba nione vumbi humo, ili madonge yasiwe ya dawa. Hayakuwa na kitu.

Nilimwita bosi. Alikitazama kioo cha kompyuta, kisha akauliza ni mashine ipi yenye kasoro, maana kikao cha kuamua kama kazi iendelee kilikuwa saa sita mchana.

"Hakuna," nilimjibu. "Kasoro iko kwenye dawa. Hii haiwezi kuingia kwenye mshipa wa mtu."

Hakubisha. Alivuta kiti akakaa karibu yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaniuliza kwa upole kama nina ndugu hapa London wa kunishika mkono mkataba utakapoisha.