Kiarabu cha Nyumbani Kwetu

Bwana anayetutunzia mitende hapa Ibra, Omani, ni Mhindi, lakini Wahindi wenziwe hawamwelewi. Kwao ni milimani, mashariki ya Bara Hindi, na lugha yake ni Kimalto. Muuza duka wetu, Mhindi wa Kerala, akimsikia anazungumza na mamake kwenye simu huniuliza miye anasema nini. Ati wataalamu wanasema lugha zao hizo mbili ni ndugu. Basi ndugu wenyewe ndio kama wa kwetu, hawajuani mpaka siku ya mirathi.

Mwaka jana huyu bwana wetu wa mitende alitaka kazi kwenye kambi ya watalii kule Al Mintirib, jangwani. Kule humpa mtu tiketi ya kwenda kwao kila mwaka. Sisi, nasema na aibu yangu, tulikuwa tukimpa kila baada ya miaka mitatu. Sharti lao ajue Kiarabu cha kukaribisha wageni. Akaniambia anakijua, kajifunza kwangu. Nami kwa kiherehere changu nikampigia simu mwenye kambi, nikamwapia kuwa huyu bwana maneno yanamtiririka. Sikudanganya, wallahi. Tulizungumza kutwa, ila kwa lugha gani sikuwahi kujiuliza.

Mwanangu akatupeleka kwa gari. Tulipofika, familia moja ya Nizwa ilikuwa inashuka, na mwenye kambi akamwambia haya, wakaribishe hawa. Akaweka mkono kifuani, akawakaribisha kwa Kiswahili cha Unguja, safi, pamoja na makemeo yangu yote: wasione haya, wajinyooshe, viatu wavue nje, na mwenye kutaka kupiga soga asimkanyagie alipokwisha kufagia. Wale watu wakabaki kumkodolea macho. Mwenye kambi akamuuliza kwa Kihindi hiyo lugha gani. Akajibu kwa fahari kuwa ni Kiarabu cha Ibra.

Nilicheka mpaka mtandio ukanidondoka. Mwanangu alikaa chini mchangani, hoi. Na kazi ndiyo ikaota mbawa.

Garini wakati wa kurudi kicheko changu kikanisuta. Nikamweleza kuwa kile ni Kiswahili, tumekuja nacho kutoka Unguja, na Kiarabu ni kile wanachonijibia wajukuu zangu nikiwasemesha. 

"Kwa hivyo, bibi, nyumbani mwako anayekujibu ni mimi tu," akasema.

Nikamwambia ndiyo.

"Na mama yangu anayemjibu ni mimi tu. Ndugu zangu wote wanamsemesha Kihindi."

 Nilipofika tu nikamwambia mwanangu amkatie tiketi, na kila mwaka iwe vivyo hivyo, asiniletee maneno.

Mwaka huu ameondoka Alkhamisi, anakaa kwao miezi miwili. Nyumba imejaa watu, nami sina wa kuzungumza naye.